Fahamu Kiduha na Familia Yake: Uainishaji wa Mimea Unavyomsaidia Mkulima Kuokoa Mavuno

Katika mashamba mengi ya mahindi na mtama ya Kanda ya Ziwa, hali hii inafahamika vyema. Mvua zimenyesha kwa wakati, mbegu zimeota, palizi ya kwanza imefanyika, lakini kufikia wiki ya tano au ya sita mimea inaanza kudumaa. Majani yanageuka njano na kunyauka mchana kana kwamba kuna ukame, ilhali udongo una unyevu. Mkulima huanza kuitilia shaka mbegu, au mbolea, au muuzaji wa pembejeo. Siku chache baadaye, pembeni mwa mashina, hutokeza vimea vidogo vya kijani ambavyo baadaye huchanua maua ya waridi yenye kuvutia macho. Hicho ndicho kiduha. Kinapoonekana juu ya ardhi, sehemu kubwa ya hasara imekwisha kutokea.

Tanzania ina spishi tatu za kiduha zinazojulikana kushambulia nafaka. Ya kwanza, *Striga hermonthica*, ndiyo yenye maua ya waridi na inatawala zaidi mikoa inayozunguka Ziwa Victoria; upande wa magharibi mwa Kenya gugu hilo hilo huitwa kayongo. Ya pili, *Striga asiatica*, ni fupi, ina maua mekundu, na imeenea katika maeneo mengi zaidi ya nchi, ikiwamo mikoa ya Morogoro, Dodoma na Tanga pamoja na mashamba ya mpunga wa nchi kavu wilayani Kyela. Ya tatu, *Striga forbesii*, ina majani mapana yenye meno na huonekana hapa na pale. Jina la jenasi, Striga, lilichapishwa mwaka 1790 na João de Loureiro, mmisionari wa Kireno aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea. Neno hilo la Kilatini lina maana ya mchawi. Jina liliwafaa watu waliokuwa wakiona mazao yakidhoofika bila kumwona anayeyadhoofisha. Hata hivyo, sababu ya udhaifu huo inaelezeka, na maelezo yake yanaanzia katika jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la darasani tu: familia ambayo mmea umetoka.

Wataalamu wanakadiria kuwa duniani kuna takribani spishi 300,000 za mimea inayotoa maua. Idadi hiyo haiwezi kushughulikiwa mmoja mmoja, hivyo spishi zinazofanana kwa nasaba hukusanywa katika jenasi, jenasi katika familia, na familia katika oda. Mfumo unaotumiwa na wataalamu wengi hivi sasa, uliotolewa mwaka 2016 na kundi la wanasayansi wanaochunguza nasaba za mimea hiyo, unatambua familia 416 katika oda 64. Familia katika maana hii inakaribiana na ukoo: wanaukoo wana babu mmoja na wamerithi kwake sifa fulani, ingawa mmoja anaweza kuwa mti mkubwa na mwingine kuwa gugu la kimo cha kidole.

Baadhi ya koo hizo mwananchi anazitambua bila kufundishwa. Mahindi, mpunga, mtama, ulezi, ngano, muwa na mianzi ni wa familia ya nyasi. Wote wana jani jembamba lenye mishipa iliyo sambamba, shina lenye vifundo, na maua madogo yasiyo na petali za rangi kwa kuwa huchavushwa na upepo. Kunde, maharage, karanga, mbaazi na hata mkwaju ni wa familia ya mikunde, na alama yao kubwa ni tunda lenye umbo la ganda. Alizeti ni ya familia yenye udanganyifu kidogo, kwa sababu kile kinachoitwa ua moja la alizeti ni mamia ya maua madogo yaliyobanana juu ya kichwa kimoja. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili hoho, tumbaku na viazi mviringo ni ndugu. Mkulima aliyewahi kupoteza nyanya kwa mnyauko wa bakteria anajua faida ya kuufahamu undugu huo, kwa kuwa akipanda bilinganya katika shamba lile lile msimu unaofuata, ugonjwa huo utakuwa unamsubiri.

Huo ndio uzito wa uainishaji. Kujua familia ya mmea ni kujua mengi kuuhusu kabla ya kuuchunguza: kemikali zake, wadudu wanaoupenda, magonjwa yanayoupata na namna unavyojipatia chakula. Mmea ukiwekwa katika familia isiyo yake, makadirio hayo yote yanakuwa na kasoro. Kiduha kilikaa katika familia isiyo yake kwa muda mrefu.

Mwaka 1753, Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye utaratibu wake wa kuipa kila spishi majina mawili unatumika hadi leo, alikiita kiduha chenye maua mekundu *Buchnera asiatica*. Yeye aliyapanga mimea yake kwa kuhesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua. Wataalamu waliomfuata waliangalia sifa nyingi zaidi, na walipokichunguza kiduha waliona petali zilizoungana na kuwa kama mrija, mdomo wa ua uliogawanyika sehemu mbili, stameni nne ambazo mbili ni ndefu na mbili ni fupi, na tunda kavu linalopasuka likiwa na mbegu nyingi mno. Sifa hizo zilionekana kulingana na za familia iitwayo Scrophulariaceae, na kiduha kikaandikwa humo. Kulikuwa na familia jirani, Orobanchaceae, iliyotengwa kwa ajili ya mimea isiyo na umbijani kabisa, ya rangi ya kahawia au njano, ambayo kila mtu aliona wazi kwamba inaishi kwa kunyonya mimea mingine. Kiduha kina rangi ya kijani. Kwa hiyo kilibaki upande wa mimea inayojitegemea, ingawa ilikwisha kujulikana kwamba nacho kinanyonya.

Mabadiliko yalikuja vinasaba vilipoanza kusomwa. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, watafiti walilinganisha vinasaba vya mimea mingi ya familia ya Scrophulariaceae na wakagundua kuwa haikuwa ukoo mmoja, bali mkusanyiko wa koo kadhaa zilizofananishwa kwa sababu ya umbo la ua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliigawanya rasmi. Mimea yote ya kijani yenye tabia ya unyonyaji iliyokuwa humo, kikiwamo kiduha, ilihamishiwa Orobanchaceae na kuungana na wale ndugu zake wasio na umbijani. Familia hiyo sasa ina zaidi ya spishi 2,000, na karibu zote ni wanyonyaji. Walio nje ya tabia hiyo ni wachache, kama jenasi Lindenbergia, waliotengana na wenzao kabla ya unyonyaji kuanza. Vitabu vingi vya utambuzi wa mimea vilivyomo katika maktaba za shule na vyuo bado vinakiweka kiduha mahali pa zamani, na mwanafunzi anayekutana na majina yote mawili asidhani kuwa kimoja ni kosa la uchapaji.

Uhamisho huo haukuwa wa kwenye karatasi pekee. Ulionyesha kuwa katika ukoo huu unyonyaji ulianza mara moja tu, kwa babu mmoja, na wajukuu wote wakaurithi pamoja na vifaa vyake. Kinachojulikana kuhusu mnyonyaji mmoja wa familia hiyo, kwa mfano namna mbegu yake inavyoitambua mizizi ya mwenyeji, kinaweza kusaidia kumwelewa mwingine. Rangi ya kijani, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa alama ya kujitegemea, ilithibitika kuwa hatua moja tu ya njia: wapo wanaonyonya maji na madini huku wakijitengenezea sehemu ya chakula, na wapo waliokwisha kuacha kabisa kujitengenezea.

Kwamba macho hayatoshi katika kazi hii, ukanda wa pwani una ushahidi mzuri zaidi. Juu ya vichaka vya ufukweni hutambaa mlangamia, *Cassytha filiformis*, mmea usio na majani ya kuonekana, ambao ni nyuzi tu za kijani na njano zilizosokotana kama tambi. Bara, juu ya uzio na miti ya kivuli, huonekana mmea mwingine wa jenasi Cuscuta, nao ni nyuzi za njano zisizo na majani, zinazojisokota na kunyonya kwa namna ile ile. Mtu akiwekewa yote miwili mezani bila maua, atasema ni mmoja. Lakini mlangamia ni wa familia ya mparachichi na mdalasini, na Cuscuta ni ya familia ya viazi vitamu. Ua ndilo linalotoa siri, kwa kuwa la mlangamia lina sehemu zinazohesabika kwa tatutatu na la Cuscuta kwa kawaida kwa tanotano. Koo mbili zilizo mbali kabisa zimefikia umbo moja kwa sababu zimechagua maisha ya namna moja.

Jambo hilo limetokea mara nyingi. Mimea nyonyaji inayotoa maua ni takribani spishi 4,500, na inakadiriwa kuwa tabia hiyo imezuka mara zipatazo 12 katika koo tofauti. Katika maeneo makavu ya Afrika Mashariki kuna *Hydnora abyssinica*, inayoishi chini ya ardhi ikinyonya mizizi ya migunga na kutokeza ua nene lenye harufu ya uvundo. Mfumo wa mwaka 2016 umeiweka katika oda moja na pilipili manga. Huko Asia ya Kusini-Mashariki, Rafflesia, ambayo ua lake moja linaweza kufikia upana wa takribani mita moja, liliwatatiza wataalamu kwa muda mrefu kwa kuwa halina shina, jani wala mzizi wa kulinganisha na mmea wowote. Mwaka 2007 vinasaba vilionyesha kuwa asili yake imo katika ukoo wa muhogo na mbono, ukoo ambao maua yake mengi ni madogo mno.

Si haki kuihesabu mimea hiyo yote kuwa adui. Mimea ya familia ya Loranthaceae, ile inayoota juu ya matawi ya miembe na michungwa baada ya ndege kupangusa hapo mbegu zenye ulimbo, hudhoofisha miti ya matunda, lakini porini ni chakula cha ndege wengi. Msandali wa Afrika Mashariki, *Osyris lanceolata*, nao hunyonya mizizi ya majirani zake, na mafuta yake yameufanya uvunwe kupita kiasi hata ukaingizwa mwaka 2013 katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Anayetaka kuuotesha katika kitalu lazima akumbuke tabia ya ukoo wake na kuupandia mmea wa kuutegemea.

Kwa mkulima wa nafaka, hata hivyo, swali kubwa ni nini hasa kinachoendelea chini ya shina la mhindi. Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, ina urefu wa takribani theluthi moja ya milimita, na mmea mmoja unaweza kutoa makumi ya maelfu. Mbegu hiyo haina akiba ya chakula cha kuiwezesha kuishi peke yake zaidi ya siku chache. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa mwenyeji, hufa. Kwa sababu hiyo haioti ovyo. Inaweza kukaa ardhini miaka 10 na zaidi ikisubiri, na hata baada ya kulowanishwa na mvua kwa wiki moja au mbili inahitaji ishara moja zaidi, nayo ni kemikali inayotoka katika mzizi ulio milimita chache kutoka ilipo.

Kemikali hizo huitwa strigolaktoni. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka katika mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiwezi hata kuunyonya, na kwa miaka mingi lilibaki fumbo kwa nini mmea utoe kitu kinachomwamsha adui. Jibu lilipatikana mwaka 2005, ilipobainika kuwa strigolaktoni ni wito wa mmea kwa kuvu rafiki wanaoishi katika mizizi na kuusaidia kupata madini, hususan fosforasi. Mwaka 2008 ikaongezeka habari kwamba kemikali hizo pia ni homoni inayouzuia mmea kutoa matawi mengi. Mhindi unapokosa fosforasi huita kuvu kwa nguvu zaidi, na kiduha, ambacho ukoo wake umejifunza kuusikiliza wito huo, kinaitika. Hapa ndipo msemo wa wakulima kwamba kiduha hufuata ardhi iliyochoka unapopata maelezo yake ya kisayansi. Wakulima hao walikuwa sahihi muda mrefu kabla ya maabara.

Mbegu ikishaamka, kimzizi chake huelekea kwenye mzizi wa mhindi na kwenye ncha yake hutokea kiungo maalumu, haustoria, ambacho hupenya na kujiunga na mishipa ya maji ya mwenyeji. Kwa wiki nne hadi saba zinazofuata kiduha hukua gizani, bila jani linaloona jua, kikitegemea kila kitu kutoka kwa mhindi. Kikitoka juu, majani yake hupoteza maji kwa wingi kuliko ya mwenyeji, na kwa njia hiyo huendelea kuyavuta. Madhara yanazidi yale yanayoibwa, kwa sababu kiduha pia huvuruga mpangilio wa ukuaji wa mhindi wenyewe, ndiyo maana unadumaa hata pale wanyonyaji wanapokuwa wachache.

Kutokana na hayo yote, utaratibu wa kupambana na kiduha hauwezi kuwa sawa na wa magugu mengine. Palizi ya kawaida hupangwa kwa kuangalia majani yaliyo juu ya ardhi. Kwa kiduha, palizi hiyo humkuta mwizi akiwa amekwisha kula. Kukingʼoa kinapotokeza kuna faida kubwa, lakini ni faida ya msimu ujao na mingine mingi baada yake, mradi kifanyike kabla ya maua kukomaa na kuachia mbegu. Kilichokwisha kuchanua kisiachwe kando ya shamba wala kutupwa kwenye shimo la mboji. Kikusanywe na kuchomwa. Jembe, trekta na viatu vilivyotoka katika shamba lenye kiduha visafishwe udongo kabla ya kuingia katika shamba lingine, kwa kuwa mbegu zake hazionekani kwa urahisi.

Marekani ilipata funzo la gharama ya kuchelewa. Kiduha chenye maua mekundu kiligunduliwa mwaka 1956 katika mashamba ya mahindi ya majimbo ya North Carolina na South Carolina. Serikali ilizuia usafirishaji wa mazao na mitambo kutoka maeneo hayo, na wataalamu wakaingiza gesi ya ethilini ardhini, ambayo huziamsha mbegu kana kwamba kuna mzizi karibu, zikaota na kufa. Kazi hiyo ilichukua miongo kadhaa. Gesi na mitambo yake havimfai mkulima wa ekari mbili, lakini kanuni iliyotumika inamfaa kabisa, kwa sababu kuna mazao yanayofanya kazi ile ile bila gharama hiyo. Pamba, soya na alizeti hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha cha nafaka ilhali zenyewe haziwezi kunyonywa nacho. Kila mbegu inayoota chini ya zao hilo ni mbegu iliyopungua katika akiba ya ardhi.

Hapa ujuzi wa familia unarudi kwa namna inayohitaji uangalifu. Kiduha cha nafaka kinanyonya jamii ya nyasi, kwa hiyo kubadilisha mahindi kwa mtama, ulezi, muwa au mpunga wa nchi kavu hakusaidii chochote. Ni kumhamisha mgeni kutoka chumba kimoja hadi kingine cha nyumba ile ile. Mzunguko unaofaa unavuka mpaka wa familia, na ushauri wa kawaida ni kupanda mikunde. Ushauri huo ni mzuri, lakini katika ukoo huo huo wa Orobanchaceae kuna *Alectra vogelii*, yenye maua ya njano kama kengele ndogo na sehemu ya chini ya ardhi yenye rangi ya chungwa iliyokolea, na hiyo hunyonya kunde, njugu mawe na karanga. Katika eneo lenye Alectra, mkulima anayekimbia kiduha kwa kupanda kunde anaweza kukutana na ndugu yake. Ndiyo maana inafaa kuyaangalia maua ya magugu yaliyopo shambani na jirani kabla ya kuamua zao la mzunguko.

Kyela inatoa mfano mwingine wa undugu huo. Kwenye miinuko, mpunga hushambuliwa na kiduha chenye maua mekundu. Mabondeni, ambako maji husimama na kiduha hakistahimili, yupo mwanaukoo mwingine, *Rhamphicarpa fistulosa*, mwenye maua meupe yanayofunguka usiku na kuchavushwa na nondo. Huyu anaweza kuota na kukua hata bila mwenyeji, kwa hiyo zao la kuziamsha mbegu kwa hila halimtoshi. Mteremko mmoja, zao moja, familia moja ya wanyonyaji, na mahitaji mawili tofauti ya udhibiti.

Utafiti umeongeza silaha nyingine. Mwaka 2002 Tanzania iliidhinisha aina mbili za mtama zinazovumilia kiduha, Hakika na Wahi, zilizotokana na kazi ya uzalishaji mbegu iliyoongozwa na Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, katika Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani. Yeye alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Mwaka 2017 ilielezwa kinasaba kinachohusika na ukinzani wa baadhi ya mitama ya namna hiyo: mizizi yake hubadilisha aina ya strigolaktoni inayotoa, ikawa wito ambao kuvu wanausikia lakini kiduha kinausikia kwa shida. Magharibi mwa Kenya, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu pamoja na washirika wake walibuni kilimo cha vuta-sukuma, ambapo desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi na mabingobingo kuzunguka shamba. Lengo la kwanza lilikuwa kuwadhibiti funza wa mabua. Watafiti wakaona kiduha nacho kinatoweka, kwa sababu mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu zake na wakati huo huo huzuia vimizizi vyake kujiunga na mhindi. Desmodiamu ni ya familia ya mikunde, hivyo huongeza naitrojeni ardhini, na hulishwa mifugo. Kwa mpunga wa nchi kavu, majaribio ya Kyela na Morogoro yalionyesha kuwa kupanda marejea kwa zamu na mpunga huongeza mavuno na kupunguza kiduha. Samadi na mbolea za kurutubisha ardhi zina nafasi katika mbinu zote hizo, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa: mmea ulioshiba hauiti kwa sauti kubwa.

Hatua ya kwanza inabaki kuwa utambuzi sahihi. Mkulima anayekitilia shaka kimea katika shamba lake anaweza kukifikisha kwa afisa ugani wa kata, na kwa kupitia kwake sampuli ikapelekwa kwa watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Sampuli yenye manufaa ni ile iliyochimbwa, si iliyongʼolewa, ili mahali kiduha kilipojiunga na mzizi wa mhindi pasikatike. Iwe na ua, kwa kuwa hapo ndipo spishi hutofautishwa: kikombe cha chini ya petali cha kiduha chenye maua ya waridi kina mistari mitano iliyoinuka, na cha chenye maua mekundu kina kumi, na mistari hiyo huonekana kwa kioo kidogo cha kukuzia. Mmea huo ulazwe ukiwa umenyooshwa katikati ya kurasa za gazeti kuukuu, uwekewe kitu kizito juu, na pembeni yake yaandikwe kijiji, tarehe, rangi ya ua ulipokuwa mbichi, kwa kuwa hufifia ukikauka, na zao lililokuwa shambani. Kurasa hizo zifungwe vizuri ndani ya mfuko usiotoboka, ili mbegu zisidondoke njiani.